Mwanangu ameitwa chuo kikuu, nami naogopa kumwachia

Assalaam aleikum, Bi Mkubwa.

Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Nina watoto watatu, na swali langu ni la huyu kitinda mimba, msichana. Alifanya vizuri mtihani wa kidato cha nne, na sasa jina lake limetoka KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, ameitwa chuo kikuu huko bara kusomea ualimu. Nyumba nzima imefurahi isipokuwa mimi.

Nikueleze sababu. Mwaka 2021 kaka yake alikuwa mwaka wa pili chuoni. Idd Kubwa ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Julai. Alipanda basi, akashuka Mokowe Jumamosi, akavuka na mashua, na saa kumi na moja jioni alikuwa dakani anapiga hodi. Bibi yake ndiye aliyemfungulia. Walikumbatiana, na usiku ule wakala wali sahani moja kama walivyozoea tangu yeye mdogo. Kumbe kikohozi alikuwa nacho tangu Ijumaa. Nilipokuja kumuuliza mbona hukusema, alinijibu kwamba nauli alikuwa ameshalipa, na alijua nitamwambia asije.

Jumatatu usiku mama akashikwa na homa. Siku ya Idd hakuinuka kula. Siku ya sita tukampeleka hospitali, pumzi zikawa zinamshinda, na tarehe 2 Agosti tukamzika. Kijana yeye alipona kwa siku tatu, wala hakupimwa.

Mama hakuwa amechanjwa chanjo ya corona. Tulisema tutampeleka baada ya Idd, maana wiki ile ilikuwa na shughuli nyingi. Alhamisi ilikuwa arusi kwa jirani, sisi wanawake tulikuwa huko tangu asubuhi mpaka karibu na saa ya kafyu, na mama mwenyewe alikaa ndani na wazee wenzake, amefurahi sana. Kisha yakaja maandalizi ya Idd.

Sijawahi kumlaumu mwanangu kwa mdomo. Lakini yeye anajua na mimi najua. Sasa yuko Mombasa anafanya kazi, kila mwezi hutuma pesa, lakini Idd haji.

Na huyu binti ana pumu. Huko anakokwenda nimeambiwa wanalala wanne chumba kimoja. Ndugu yangu mmoja anasema corona imekwisha, naogopa mzimu. Mwingine anasema magonjwa hayo hayaui vijana. Baba yake anataka aende. Mimi nimeshasema hapana mara mbili, na binti sasa hanisemezi, chakula anakila jikoni peke yake. Niambie, gonjwa kama lile likirudi naye yuko chuoni, atalindwa vipi? Ama nishikilie neno langu?

Mama Binti, Langoni

*

Wa aleikum salaam, dadangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Barua yako niliisoma usiku nikalala nayo, na asubuhi nikaisoma tena nikiwa na karatasi na kalamu, nikihesabu siku.

Shauri langu ni aende. Lakini kabla ya kukueleza atajilinda vipi, lazima turudi kwenye siku zile za Julai, kwa sababu hofu yako yote imesimama juu ya hesabu ambayo sidhani kama kuna mtu amewahi kuikagua nawe.

Mwanao aliingia nyumbani Jumamosi jioni. Mama alishikwa na homa Jumatatu usiku. Hizo ni siku mbili. Aina ya kirusi iliyokuwa ikitamba Kenya miezi ile ni Delta, na Delta kwa watu wengi ilichukua kama siku nne tangu kuingia mwilini mpaka homa ianze. Siku mbili zawezekana, sitakuficha, lakini ni kwa nadra. Sasa kutoka Jumatatu rudi nyuma siku nne. Unaangukia Alhamisi, na Alhamisi, kwa maneno yako mwenyewe, mama alikuwa arusini, ndani, pamoja na wazee wenzake, kutwa nzima.

Sikuandikii haya ili msiba uuhamishie nyumba ya jirani. Hakuna awezaye kujua. Kijana hakupimwa, na kikohozi kile huenda kilikuwa mafua ya kusi kama ya watu wote mwezi wa saba. Ninachosema ni kwamba kwa miaka yote hii wewe na mwanao mmebeba jambo mkilihesabu kuwa hakika, nalo si hakika hata kidogo. Nikilazimika kusema ninaloona, naona uwezekano mkubwa ni kwamba mama alikuwa nayo mwilini kabla mashua haijafunga gati.

Na hilo la chanjo pia usilijitwike peke yako. Dozi za kwanza zilifika Kenya Machi 2021, kidogo kuliko mahitaji, na India, ambako zilitengenezwa, ikazuia zisitoke nje ya nchi. Katikati ya mwaka ule kulikuwa na watu waliopanga foleni wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ningependa mama angechanjwa. Lakini kuahirisha wiki moja kwa ajili ya Idd ni jambo ambalo nyumba nyingi za pwani zilifanya, na nilikuwa muuguzi wakati huo, niliziona.

Sasa tuje kwa binti.

Mwaka 2020 tulihimiza mikono, mikono, mikono. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni kwenye ndoo ya bomba nikiwahesabia watu sekunde ishirini, na sijuti, kwa kuwa sabuni inazuia maradhi mengi. Lakini ilipofika 2021 ilikuwa wazi kwamba gonjwa lile lilipita hasa hewani, kwa vitone vidogo sana ambavyo havianguki chini. Mtu akiongea, akicheka, akiimba, vinatoka, na vinabaki chumbani vikielea. Tena mgonjwa huanza kuvitoa siku moja au mbili kabla mwenyewe hajahisi chochote. Ndiyo maana kumwambia mtoto wa chuo "jihadhari na wanaokohoa" hakutoshi. Ajihadhari na chumba kisichopumua.

Wewe waishi Lamu, hili halikuhitaji daktari. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vyumba vya ndani visivyo na dirisha, lakini wazee waliacha kiwanda katikati, wazi juu, upepo ushuke na joto lipande litoke. (Siku hizi watu wanaezeka viwanda kwa mabati wapate chumba cha kupangisha. Hunisikitisha kila nikiona hivyo.) Bweni la chuo halina kiwanda. Lina dirisha moja na mlango unaotazama ukumbi mrefu.

Mwaka ule ule wa 2021 nilimtembelea binti wa ndugu yangu chuoni kwake. Chumba cha wanne, vitanda viwili vya dabo deka, kila msichana amezungushia leso kitandani kwake apate faragha. Nikauliza dirisha liko wapi. Liko nyuma ya kabati! Walilisukumia pale kwa sababu ya mbu na kwa sababu ya kuogopa mwizi, na kwenye kizingiti chake wamepanga viatu. Mle ndani mna harufu ya sufuria, losheni na nguo mbichi. Tukalisukuma kabati sisi watano, tukatoa viatu, nikanunua wavu wa mbu nikaupigilia kwa misumari midogo. Dirisha likafunguka kiasi cha kiganja, na mlango wakakubaliana kuuacha wazi kila jioni mpaka wakati wa kulala. Kazi yote haikupita nusu saa. Hewa ikaanza kupita, leso zikatikisika. Hicho ndicho unachotaka kukiona, leso itikisike.

Ukimsindikiza binti siku ya kuripoti, fanya jaribio hili yeye akiwa nje kwa sababu ya pumu yake. Washa kipande kidogo cha udi chumbani, kaa dakika tano utazame moshi. Moshi ukitoka dirishani upesi, chumba ni kizuri. Ukining'inia juu ya mto wake, na pumzi za wenzake zitaning'inia papo hapo. Basi kitanda chake kiwe kile cha karibu na dirisha, hata kama ni cha juu. Na nyumbani pia, dadangu, chetezo usikipitishe karibu naye. Najua ni desturi na najua nyumba bila udi si nyumba, lakini kifua chake hakiwezi.

Barakoa si ya kuvaa maisha yote. Ni ya wakati gonjwa limetangazwa, ya basi lililofungwa madirisha, na ya zile wiki ambazo nusu ya darasa wanakohoa. Zilizo bora ni zile zinazoitwa N95, huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, kwa sharti kwamba zibane uso pande zote. Kama binti huvaa ninja, yaani nikabu, aelewe kwamba ninja si barakoa. Hewa inaingia kwa chini na kwa pembeni kama kawaida. Avae barakoa kwanza, ninja ije juu yake. Kwenye ukumbi wa mihadhara achague upande wa madirisha. Kwenye chakula ndipo watu wote huvua barakoa na kuongea kwa pamoja, kwa hiyo nyakati hizo achukue sahani yake akale nje chini ya mti na rafiki mmoja au wawili. Peke yake hapana. Nilimwona mwanafunzi mmoja aliyejifungia miezi kadhaa, corona haikumpata lakini alirudi kwao hawezi kumtazama mtu usoni.

Pumu yake isikutishe kuliko inavyostahili. Tulihofu mwanzoni, lakini ilikuja kuonekana kwamba pumu iliyotulizwa vizuri haikuwa hatari kubwa kama tulivyodhani. Hatari iko kwa ile ya kupuuzwa, ya mtu anayengoja mpaka abanwe. Kabla ya kuondoka mpeleke kliniki waitazame. Kama amepewa dawa ya kuvuta kila siku ya kuzuia, avute kila siku hata akijisikia mzima. Ile ya bluu ya dharura awe nazo mbili. Pale kliniki uliza pia ni chanjo zipi anazostahili kupata kabla ya kusafiri, na uhakikishe ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, maana kijana akiumwa usiku mgeni wa mji, jambo la kwanza ataulizwa ni hilo.

Mnunulie kipimajoto na oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Mtu mzima wa afya husoma 95 kwenda juu. Akiwa na homa na kikashuka chini ya 94, aende kuonwa siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni dharura, asingoje asubuhi. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ni dharura pia, kidude kiseme kisemavyo. Kidole chenye piko au rangi ya kucha chaweza kusomwa vibaya, kwa hiyo akiwa ametoka arusini aache kidole kimoja kitupu. Mama mlimpeleka siku ya sita. Wengi walifanya hivyo, kwa kuwa lile gonjwa lilikuwa linadanganya, mtu anaonekana ametulia na kumbe oksijeni inashuka kimya kimya. Kidude hiki ndicho kingewaambia.

Mwenzake wa chumba akiumwa itakuwaje, maana wako wanne? Vyuo vingi havina chumba cha kumtenga kila anayekohoa. Basi wawe na mapatano tangu wiki ya kwanza, kabla mtu hajaumwa, kwa sababu wakati wa homa hakuna apendaye kupangiwa. Mgonjwa alale kwenye kitanda cha dirishani, naam, hata kama ni cha binti yako, ili pumzi zake zitoke nje badala ya kuwapitia wenzake. Waliokaribiana vitanda walale mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Barakoa wavae wote, mgonjwa kwanza. Aletewe uji na maji mlangoni, asiachwe. Na zahanati ya chuo ipigiwe simu siku ya kwanza.

Magonjwa si yote ya pumzi. Mpox, iliyothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2024, hupita zaidi kwa kugusana ngozi na kwa matandiko, kwa hiyo taulo, leso na shuka asiazimane na mtu. Kipindupindu hupita kwa maji na chakula. Achemshe maji au ayatie dawa, na kachumbari ya kibandani aiache msimu huo.

Yule ndugu yako anayesema vijana hawafi, mwambie habari ya homa ya 1918. Iliingia pwani yetu kwa meli kupitia Mombasa, ikapanda na reli, na mahali pengi duniani waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa miaka ishirini mpaka arobaini, wenye nguvu zao. Kila gonjwa lina watu wake, na hatuwezi kujua lijalo litachagua nani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko barakoa na madirisha.

Mwanao alikuwa na kikohozi tangu Ijumaa, na akanyamaza kwa sababu nauli ilikuwa imelipwa na aliogopa kuambiwa asije. Hapo ndipo nyumba yenu ilipokuwa na ufa, na haukuwa ufa wa kijana mmoja. Mwaka 2020 watu wengi walificha dalili, wakiogopa karantini, wengine kwa kuwa mwanzoni walitozwa pesa za kukaa huko, wengine kwa aibu ya majirani. Kijana wa miaka ishirini anayepiga hesabu ya nauli na ya hasira za mama, atanyamaza. Huyu binti naye atanyamaza, kama hujamwambia kwa kinywa chako kabla hajaondoka.

Kwa hiyo mwambie hivi: "Ukijisikia vibaya, nipigie kabla hujapanda basi. Nauli iliyopotea nitairudisha mimi. Idd itakayokupita tutaifanya tena ukija. Sitakukasirikia." Na pesa hiyo uiweke kweli, tangu leo, kwenye simu yake au ya baba yake, iitwe ya ugonjwa, isiguswe kwa vitabu wala kwa nguo.

Chuo kikifungwa ghafla je? Machi 2020 vyuo vikuu viliambiwa viwe vimefungwa kufikia tarehe 20, na kwa siku chache vijana kutoka kila pembe walijaa mabasini kurudi kwa bibi zao. Wiki tatu baadaye Kilifi ikafungwa kuingia na kutoka, na njia yetu ya Lamu inapita hapo hapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishatufundisha kwamba tauni ikiwa mahali tusiingie, na ikitukuta ndani tusitoke. Kama chuo kitamruhusu abaki na ana chakula, abaki. Kama lazima aje, aje na barakoa njia nzima, dirisha la basi wazi, na akifika apande moja kwa moja juu, chini ya makuti, ambako upepo unapita pande zote. Alale huko siku tano, sahani yake apelekewe. Mkiwa na kipimo, apimwe kabla ya kushuka. Wazee awasalimie kutoka ngazini. Ni uchungu, lakini ni siku tano.

Ongea na binti leo. Usimpelekee ruhusa kupitia kwa baba yake. Nenda jikoni anakokula, ukae naye.

Kisha mpigie mwanao. Usianze na msamaha, kwa sababu ukimsamehe utakuwa umemhukumu kwanza, na hukumu yenyewe haina ushahidi. Anza na ile hesabu. Mwambie Jumamosi mpaka Jumatatu ni siku mbili, na Alhamisi bibi alikuwa arusini. Mpe nafasi anyamaze, na akilia mwache alie. Halafu mwambie dada yake anaripoti chuo na unataka yeye ndiye ampeleke, kwa kuwa yeye anazijua hosteli, na kuna kabati litakalohitaji kusukumwa.

Nauli yake ya kuja Lamu kumchukua mtumie wewe. Na dawa ya bluu ya binti iwe kwenye mkoba wa begani njiani, isitiwe kwenye sanduku lililo chini ya basi.